Jukwaa la kuelea baharini: mchanga, pampu au kano?

Nahodha wa jahazi aliyeshusha shehena yote Unguja na hana mzigo wa kurudi nao hatweki tanga hivi hivi. Anapakia kwanza mawe au mchanga ngamani. Hiyo ndiyo farumi. Bila farumi chombo kitupu hukaa juu juu kama kopo, na upepo wa ubavuni ukikipata kinalala. Jukwaa la kuelea la tani elfu kumi, lenye mtambo wa upepo mgongoni au visima vya gesi miguuni, nalo halina ujanja mbele ya farumi. Mhandisi ana njia tatu kubwa za kuiweka, na kila njia itamfunga kwenye bandari ya namna fulani, kina fulani cha bahari na mafundi wa aina fulani kwa miaka 20 au 25.

Nawaandikia wanaotakiwa kuchagua: mwanafunzi mwenye mradi wa mwaka wa mwisho, au ofisa aliyeletewa mezani mapendekezo matatu na kila mkandarasi anasifu lake. Msimamo wangu nautanguliza ili usinisome kwa kubahatisha: chagua jukwaa lenye vali chache kadiri bandari yako na bahari yako zitakavyokuruhusu. Zipo sehemu ushauri huo unapogonga mwamba, na ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Anza na pipa uani

Kata pipa juu, lijaze maji, kisha tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Itie mchanga hadi theluthi, kaza kizibo, iachie majini. Inasimama wima. Isukume kichwani, inarudi. Yapige maji kwa kiganja, mawimbi yatapita na chupa itatikisika kidogo tu, kwa sababu uzito wake wote umekaa chini na sehemu inayokatiza uso wa maji ni nyembamba. Wenye kazi huliita jukwaa la namna hii spari.

Cha pili ni madumu matatu ya lita tano yaliyofungwa kwenye fito kwa umbo la pembetatu. Haya hayana uzito wowote chini. Hayapinduki kwa sababu yametawanyika, kama ngalawa inavyozuiwa na matengo yake. Lakini kila wimbi likipita, pembe moja inapanda na nyingine inashuka. Tia maji kwenye dumu moja, pembe ile inazama. Yahamishie dumu la pili, jukwaa linageuka upande mwingine. Hii ndiyo semi, yaani jukwaa la minara lililozama nusu (madumu yako ndiyo minara), na hapo umeshaona kwa mkono wako kwa nini watu huipenda na kwa nini huiogopa.

Cha tatu ni dumu moja tupu lililofungwa kwa kamba tatu kwenye tofali la saruji chini ya pipa, kamba zikiwa fupi kiasi cha kulizamisha dumu nusu. Linataka kupanda na kamba zinalikatalia. Limetulia kama limepigiliwa msumari. Gusa kamba kwa kidole, utasikia imekazika kama uzi wa zeze. Hilo huitwa TLP, kifupi cha Kiingereza cha tension leg platform, na kamba zake, ambazo baharini ni mabomba ya chuma, nitaziita kano.

Wa Malindi wataniuliza kuhusu majukwaa ya San Marco pale Ngomeni, yaliyorusha satelaiti ya Uhuru mwaka 1970. Yale hayamo humu. Yanasimama kwa miguu ya chuma kwenye sakafu ya bahari, kwenye maji mafupi.

Spari: unaweka mara moja, unasahau

Norway ndiko spari ya kubeba mtambo wa upepo ilikojaribiwa kwanza kwa ukubwa wake halisi: Hywind, mwaka 2009, karibu na kisiwa cha Karmøy, mtambo mmoja wa megawati 2.3. Mwaka 2017 ikaja Hywind Scotland, mitambo mitano ya megawati 6 kila mmoja, nje ya Peterhead. Kila spari pale imeshuka mita 78 chini ya maji. Baadaye Hywind Tampen ikaweka mitambo 11 juu ya spari za zege ili kuyapa umeme majukwaa ya mafuta ya Snorre na Gullfaks.

Namna inavyosimamishwa ndiyo somo lenyewe. Bomba refu linaelea likiwa limelala, linavutwa hadi kwenye maji marefu yaliyotulia, kisha linapigwa maji upande mmoja mpaka linasimama polepole. Baada ya hapo wanamwaga ndani madini ya chuma yaliyosagwa, mazito kuliko mchanga, huku maji yakitolewa. Kazi ya kurekebisha farumi kimsingi imekwisha. Haihitaji pampu ya kukimbizana na upepo kila siku, na hakuna mtu anayekesha akitazama taa za vali.

Uzuri wa pili hauonekani kwa macho. Kila chombo kina mdundo wake wa kupanda na kushuka, na bahari ina mdundo wake: kati ya wimbi na wimbi kubwa hupita sekunde chache, mara chache zaidi ya 20. Spari hupanda na kushuka kwa mdundo wa kama sekunde 30. Wimbi linakuja, linaisukuma, linaondoka kabla haijaamka. Sababu mojawapo ni ile shingo nyembamba. Chukua shingo ya kipenyo cha mita 10: wimbi likiinua maji mita moja, linaongeza msukumo wa juu wa takriban tani 80 tu. Kwa chombo cha maelfu ya tani hiyo ni kama kumpiga tembo kibao.

Sasa kasoro. Ili kumwekea mtambo wa upepo chombo kilichozama mita 78, unahitaji maji yenye kina cha kutosha, yasiyo na wimbi, karibu na pwani. Norway wana ghuba zao za milimani. Mitambo ya Hywind Scotland ilipachikwa huko Stord, ikinyanyuliwa mizima na meli kubwa ya kreni, Saipem 7000, ndipo ikavutwa kuvuka bahari hadi Uskochi. Ilipofika zamu ya matengenezo makubwa mwaka 2024, ikavutwa tena kurudi Norway. Hebu lete hesabu hiyo kwetu. Kilindini imepewa jina lake kwa sababu ya kilindi, lakini hata yenyewe haina mita 80 za maji yaliyotulia. Mkondo wa Pemba una kina tele, ila huo ni bahari wazi. Kreni inayoning'iniza mzigo wa mamia ya tani haitafanya kazi pale wakati wa kusi. Ungebaki na majuma machache ya maleleji, na ungeomba Mungu.

Semi: maji yanayotembea

Hapa ndipo ushauri wangu wa vali chache unapoyumba, maana semi ina faida ambazo spari haiwezi hata kuziota.

Ya kwanza ni gati. Semi tupu huelea kwenye maji ya mita kumi na kitu, kwa hiyo inaungwa na kupachikwa mtambo wake bandarini, kwa kreni ya nchi kavu, mafundi wakirudi nyumbani jioni. WindFloat Atlantic ya Ureno ilifanya hivyo: mitambo mitatu ya megawati 8.4 ilipachikwa kwenye gati la Ferrol, Hispania, ikavutwa hadi kilomita 20 nje ya Viana do Castelo, penye kina cha mita 100 hivi, na tangu mwaka 2020 yote inazalisha. Mtambo ukiharibika, unaurudisha gatini. Kincardine, nje ya Aberdeen, walivuta mtambo hadi Rotterdam mwaka 2022 kwa matengenezo. Hata jukwaa lenyewe linaweza kuuzwa kama gari lililotumika: WindFloat ya kwanza, ya megawati 2, ilifanya kazi Ureno kuanzia 2011 hadi 2016, kisha ikahamia Kincardine.

Faida ya pili ni ile ya kurekebisha. Tuseme upepo unausukuma mtambo kwa nguvu ya tani 100, na kitovu cha pangaboi kiko mita 100 juu. Jukwaa litainama. Ili kulisimamisha, hamisha maji kutoka mnara ulioinama kwenda mnara ulio mita 50 upande wa pili. Tani 100 mara mita 100 ni 10,000. Gawanya kwa 50, unapata tani 200 za maji. Pampu ya tani 600 kwa saa inazihamisha kwa dakika 20. WindFloat hufanya hivi yenyewe, polepole, ikifuata wastani wa upepo na kuyapuuza mawimbi, kwa sababu hakuna pampu inayoweza kushindana na wimbi la sekunde 10.

Watu wengi huuliza kama pampu hizo hazitakula umeme wote. Piga hesabu. Kuinua tani 200 za maji mita 10 ni chini ya uniti 6. Ongeza upotevu wa pampu, tuseme uniti 10. Mtambo wa megawati 8 ukizunguka sawasawa unazirudisha kwa sekunde tano hivi. Umeme usikusumbue. Gharama halisi ya farumi inayotembea ni vali, waya, vipimo, kutu, na binadamu.

Mfano wa kukunyima usingizi ni Ocean Ranger. Ilikuwa semi ya kuchimba mafuta nje ya Newfoundland, Kanada. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 1982, katika dhoruba, wimbi lilivunja kioo cha dirisha dogo la chumba cha kuongozea farumi. Chumba hicho kilikuwa ndani ya mnara, karibu na maji kuliko kilivyopaswa kuwa. Maji ya chumvi yakamwagikia meza ya swichi. Mafundi wakahangaika na vali kwa mkono, kwa vijiti vya shaba, bila kuelewa sawasawa kila kijiti kinafungua nini. Jukwaa likainamia mbele. Pampu zilikuwa nyuma. Likishainama vile, pampu za nyuma haziwezi tena kuvuta maji ya matangi ya mbele. Maji yakapanda hadi kwenye matundu ya minyororo ya nanga juu ya minara, ambayo hayakuwa na kizuizi, yakaingia humo. Watu wote 84 walikufa.

Soma tena mfuatano huo, kisha ushike penseli. Dirisha moja. Swichi zisizovumilia maji. Pampu upande mmoja. Tundu lisilofungika. Hakuna hata kimoja kinachohusu nguvu ya chuma.

Miaka 23 baadaye, Julai 2005, wafanyakazi wa Thunder Horse katika Ghuba ya Meksiko walirudi baada ya kimbunga Dennis wakaikuta imelala upande. Walikuwa wamehamishwa wote kabla ya kimbunga. Maji yalikuwa yamehama kati ya matangi bila kuamriwa na mtu, na kosa lilikuwa kwenye mabomba. Semi mpya kabisa, ya zaidi ya dola bilioni moja, ikaangushwa na kazi ya fundi bomba.

Kuna adui mwingine, mdogo na mtulivu: tangi lililojaa nusu. Anayebeba ndoo kichwani anamjua. Ndoo iliyojaa pomoni inatulia, iliyo nusu inakuyumbisha shingo, ndiyo maana mama zetu hutia majani juu ya maji. Tangi pana lenye maji nusu hufanya vivyo hivyo: jukwaa likiinama, maji yote hukimbilia huko huko linakoinamia. Dawa yake ni rahisi, na wabunifu wa mara ya kwanza huisahau. Weka ukuta wa katikati, athari hiyo inashuka hadi robo. Weka kuta mbili, inashuka hadi sehemu moja kwa tisa. Na panga matangi ili wakati wowote ni mawili au matatu tu yaliyo nusu. Mengine yawe yamejaa au matupu.

Kwa mitambo ya kuchimba, kwa kweli hakuna mjadala. Inasafiri ikiwa juu juu, ikifika inajazwa maji na kuzama ili itulie, dhoruba ikija inatoa maji kidogo na kupanda ili wimbi lisiguse sakafu. Bomba, tope la kuchimbia na mafuta ya jenereta hupungua na kuongezeka kila siku. Mzigo usiotulia unataka farumi isiyotulia.

TLP: kujiinua dhidi ya kamba

Ya kwanza kuzalisha mafuta ilikuwa Hutton, Bahari ya Kaskazini upande wa Uingereza, mwaka 1984, kwenye kina cha mita 147. Norway wakafuata na Snorre, kisha Heidrun ya zege. Kwa upepo, Ufaransa wana Provence Grand Large, mitambo mitatu ya megawati 8.4 iliyowekwa mwaka 2023.

Farumi ya TLP ni ya siku ya arusi tu. Unajaza maji, jukwaa linazama, unafunga kano, kisha unatoa maji na kano zinakazika. Baada ya hapo halipandi wala halishuki. Mdundo wake wa wima ni wa sekunde mbili hadi nne, mfupi kuliko mawimbi makubwa. Kwa visima vyenye vichwa vyake juu ya sitaha huo ni utulivu wa kuotea ndoto.

Mimi ningelisogelea kwa tahadhari kwenye pwani yetu, na sababu ni bamvua. Chukua minara mitatu ya kipenyo cha mita 12. Kila mita ya maji inayopanda inaongeza msukumo wa karibu tani 350. Maji ya bamvua Mombasa au Unguja hupanda na kushuka kama mita 4. Hiyo ni tofauti ya karibu tani 1,400 kwenye kano zile zile, mara mbili kwa siku, kabla hujahesabu wimbi hata moja. Semi ingepanda na maji kama boya na isingejali. TLP haiwezi kupanda. Basi inabidi uikaze zaidi ili maji yakipwa kano zisilegee, maana kano iliyolegea ikikazwa ghafla hupigwa kama mjeledi. Au uifanye minara iwe myembamba pale inapokatiza maji. Inawezekana, ila unalipia. Na kila tani unayoongeza juu ya sitaha unaikopa kutoka kwenye mkazo wa kano, kwa hiyo mteja mwenye tabia ya kusema "tuongezee kreni moja hapa" usimpe TLP.

Kuweka nako kuna mitego yake. Mwaka 2015 kano za Big Foot, Ghuba ya Meksiko, zilikuwa zimesimama majini zikishikiliwa na maboya zikisubiri jukwaa. Maboya yakapoteza uwezo wa kuelea, kano kadhaa zikazama. Mafuta ya kwanza yalitoka mwaka 2018.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Spari | Semi | TLP |
|---|---|---|---|
| Farumi | Nzito, ya kudumu | Maji, hurekebishwa wakati wote | Maji, siku ya kuweka tu |
| Kina | Mita 100 na zaidi | Kuanzia mita 50 hivi hadi kilindini kabisa | Mita 60 hivi hadi karibu 1,600 |
| Gati | Haitaki gati, inataka ghuba yenye kina | La kawaida, lenye nafasi | La kawaida, lakini kuweka ni kazi ya siku chache za bahari shwari |
| Kupanda na kushuka | Kidogo | Zaidi ya zote tatu | Karibu hakuna |
| Mzigo ukibadilika | Inavumilia kiasi | Ndiyo kazi yake | Haipendi |
| Cha kuogopa | Kreni ya baharini | Vali na mtu anayeishika | Kano na udongo unaozishikilia |

Meli na tishali sikuziweka kwenye jedwali kwa sababu nyingi hazichaguliwi kwa ajili ya utulivu. Huchaguliwa kwa ajili ya ghala. Coral Sul, iliyoko nje ya Cabo Delgado, Msumbiji, kwenye maji ya takriban mita 2,000, ina urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, na tangu Novemba 2022 inapakia gesi iliyopozwa ikawa kimiminika. Pale farumi ni kinyume cha shehena: gesi ikipungua kwenye matangi, maji ya bahari yanaongezwa, meli ibaki kwenye kina kile kile. Kama una bidhaa ya kuhifadhi kabla meli ya mteja haijafika, soma habari za meli na uachane na haya mengine.

Basi uchukue lipi?

Kama unabeba mtambo wa upepo, kina ni zaidi ya mita 100 na una ghuba yenye kilindi kilichotulia, chukua spari ulale usingizi. Nchi zenye ghuba za hivyo ni chache.

Kama una gati la kawaida na kreni, na hiyo ndiyo hali ya pwani nyingi duniani ikiwemo ya kwetu, utaangukia kwenye semi hata kama hupendi. Lakini jiulize kama unahitaji farumi inayotembea kila siku. Ipo njia ya kati: tawanya minara zaidi kidogo, uruhusu jukwaa liinamie upepo nyuzi chache, ujaze maji bandarini kisha ufunge matangi kwa vifuniko vya kukazwa na nati. Chuma kitaongezeka. Pampu utazitumia siku ya kuweka na siku ya kuvuta kwenda kutengenezwa, basi. Kwa mahali ambapo kipuri cha vali huagizwa Ulaya na kukaa forodhani majuma kadhaa, mimi ningelipia hicho chuma.

TLP ichague pale kupanda na kushuka kunapoharibu kazi yenyewe, mzigo haubadiliki, na umeshachukua sampuli za udongo wa chini.

Na ukishaletewa michoro ya semi, usianze na kurasa za nguvu ya chuma. Waambie wachore jukwaa likiwa limelala nyuzi 15 kwenye kila pembe, moja baada ya nyingine, umeme umekatika. Kwenye kila mchoro weka kidole kwenye pampu uulize inavuta maji kutoka tangi lipi. Kisha weka kidole kwenye kila tundu lililo juu ya mnara uulize linafungwa na nini, na nani.